Jibu kwa anayehamia Goma: majirani wa hapa hujuana vipi

Ndugu aliyefungua uzi huu ameeleza kwamba anatoka Bukavu kuja kufanya kazi Goma, kwamba ameambiwa watu wa mji huu wamechoshwa na vita na volkano hata kila mmoja anajifungia kwake, na anauliza kama majirani wa hapa bado wanajuana na kuelewana. Wengi wamemjibu kwa ndiyo au hapana. Mimi nimezaliwa Murara, nimekuwa mpangaji Majengo, na sasa ninakaa Himbi. Kwa niliyoyaona katika mitaa hiyo mitatu, swali hilo halijibiki kabla hujasema utagawana nini na jirani yako: bomba, mita ya umeme, choo, mpaka wa parseli (kiwanja), au ukuta mtupu. Wema wa watu una nafasi yake, ila si kubwa kama tunavyopenda kusimulia.

Nianze na maji, kwa kuwa ndiyo yanayowakutanisha watu wengi zaidi. Mgeni hushangaa kuona mji uliojengwa ukingoni mwa Ziwa Kivu ukihangaikia maji, lakini ardhi yetu ni mawe ya volkano, mvua ikinyesha inazama papo hapo, na hakuna mto unaopita mjini. Regideso, shirika la maji la serikali, husukuma maji kutoka ziwani, nayo hayafiki kila mahali wala kila siku. Kwa hiyo bomba linalotoa maji katika parseli moja huwa ni la avenyu nzima, yaani barabara nzima ya mtaa. Kwetu Murara lilikuwa kwa mama mmoja ambaye nitamwita Mama Neema, na mstari wa mabidoni (madumu) ya njano ulianza kabla ya alfajiri, kila bidoni ikiwa na alama yake, kitambaa chekundu kwenye mkono au herufi zilizochomwa kwa msumari wa moto. Pale ndipo ilipojulikana nani amejifungua, nani anaumwa, na mume wa nani amekwenda Walikale kutafuta dhahabu bila kuacha hela ya chakula. Mtoto aliyetumwa maji aliulizwa habari za nyumbani na kila mama aliyekuwa mbele yake, na ole wake akijibu bila adabu, maana neno lilimtangulia kufika kwao. Nyumba zenyewe zilikuwa za mbao, na ubao hauzuii sauti, hivyo ugomvi wa chumbani ulisikika kwa jirani kabla haujaisha. Sisemi kwamba tulipendana kuliko watu wa mahali pengine. Nasema kwamba hapakuwa na njia ya kutojulikana.

Thamani ya kujulikana huko niliielewa kupitia volkano. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilitoka kwenye nyufa za upande wa kusini wa mlima, ikapita juu ya sehemu ya uwanja wa ndege, ikaangamiza kitovu cha biashara na kuingia ziwani. Watu walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, au upande wa Sake, na baada ya siku chache wengi wakaanza kurudi, mawe yakiwa bado yanatoa joto chini ya miguu. Walichokuta kwetu ni uwanda mweusi usio na njia, usio na ua wala mti, ambapo hakuna aliyeweza kuonyesha kwa uhakika parseli yake ilianzia wapi. Karatasi nyingi zilikuwa zimeungua pamoja na nyumba. Papa Amani, jirani yetu wa upande wa juu, alikuja na kamba ya nailoni ambayo aliifunga fundo kila baada ya hatua moja. Baba alisimama kwenye pembe ya ukuta wa nyumba ya mawe iliyokuwa imechomoza kichwa tu juu ya lava, mmoja akashika huku, mwingine kule, wakahesabu mafundo kwa sauti, na kila walipofika mahali pa kutia alama walisimama kwanza mpaka jirani wa upande huo akubali. Halafu wakarundika mawe madogo, wakaandika majina yao na vipimo katika ukurasa wa daftari la shule, na wote wakatia sahihi mbele ya shefu wa avenyu.

Karatasi hiyo ya daftari ndiyo iliyotufaa baadaye ofisini, tulipoanza kutafuta hati mpya. Mjane aliyekaa nyuma yetu hakuwa na hata kipande cha karatasi, na ndugu wa marehemu mume wake walikuwa tayari wanazungumza juu ya kuuza, lakini majirani wote waliopakana naye walisema ardhi ile ni yake na wakaonyesha inapoishia. Kuna mwingine, mtu mwenye uwezo, ambaye hakuwahi kusimama kwenye mstari wa bomba wala kuingia katika nyumba yenye kilio. Yeye alibishana na majirani wa pande zote, na parseli yake ikatoka nyembamba kuliko ilivyokuwa. Sijui kama alionewa. Najua tu kwamba hakuna aliyekuwa na hamu ya kukumbuka kwa niaba yake.

Majengo nilijifunza somo jingine. Tulikuwa familia nne katika parseli moja, wapangaji wote, na mita moja ya umeme, ile ya kulipia kabla tunayoiita kashipawa. Anayetaka kupima maelewano ya watu awape mita moja na friji moja. Mmoja wetu, kijana niliyemzoea kwa jina la Papa Bahati, aliuza vinywaji baridi mlangoni, friji yake haikupumzika, na kila umeme ulipokwisha aliapa kwamba friji haili kitu ikilinganishwa na pasi ya mama wa chumba cha mbele, ambaye kweli alinyoosha nguo za kanisa za watoto wote siku ya Jumamosi usiku. Tulijaribu zamu, kila familia inunue umeme kwa wiki yake, na ikawa kila mtu anasubiri wiki ya mwenzake ndipo awashe kila alicho nacho. Mwishowe mama mkubwa wa parseli, ambaye hakuwa na cheo chochote isipokuwa umri na sauti, alitundika daftari kwenye msumari karibu na mita na kuamua kwamba mwenye friji atoe sehemu mbili, mwenye pasi moja na nusu, wengine moja moja. Manung'uniko hayakwisha. Ila ugomvi ulikwisha, kwa sababu sasa mtu aligombana na daftari.

Choo nacho kilikuwa cha pamoja, na hapo pia mawe ndiyo yaliyoamua. Kuchimba shimo katika lava ni kazi ya nyundo kubwa na siku nyingi, kwa hiyo mwenye parseli huchimba moja tu, tena fupi, na wapangaji wote wanaligawana. Yaliyobaki juu ya jambo hilo kila mpangaji wa Goma anayajua, sina haja ya kuyaandika.

Basi usiku wa Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021 mbingu ikawa nyekundu tena. Lava ya mara hiyo ilisimama pembezoni mwa mji, lakini matetemeko yaliendelea, na tarehe 27 Mei viongozi waliamuru mitaa kumi ihamwe, Majengo ikiwa mojawapo. Tulitawanyika, wengine Sake, wengine Minova, wengine ng'ambo Gisenyi. Papa Bahati alikataa kuondoka, akisema hana pa kupeleka friji. Tulimwachia funguo sisi sote, pamoja na yule mama wa pasi, ambaye alikuwa hajamsalimia kwa muda mrefu. Tuliporudi kila mlango ulikuwa umefungwa kama tulivyouacha, na hakuna godoro wala sufuria iliyopotea, ilhali parseli za karibu zilikuwa zimeibwa. Alikuwa amekula mchele wetu, na hakuna aliyelizungumzia. Ninataja hili kwa sababu baadhi ya waliojibu hapa juu wanachukulia kuelewana na kuaminiana kuwa kitu kimoja. Sisi hatukuelewana naye hata kidogo. Lakini tulimjua tabia yake yote, mema na mabaya, na katika mabaya yake wizi haukuwemo.

Mambo ya salongo (kazi ya pamoja ya usafi), ya likelemba (mchango wa zamu wa pesa) na ya kuchangia kilio, yaani msiba, wenzangu wameyaeleza vya kutosha. Niongeze tu kwamba katika avenyu yetu ya Majengo aliyekosa salongo alisamehewa upesi, na aliyekosa kilio hakusahauliwa.

Himbi ni kinyume cha hayo yote. Hapa nyumba ni za matofali, kuta ni ndefu, wengi wana tangi lao la maji ya mvua na mita yao, na mtu anaweza kukaa mwaka mzima bila kuhitaji chochote kwa jirani. Hapo ndipo maneno aliyoambiwa ndugu yetu yanapopata ukweli. Ila asidhani kwamba avenyu haina habari. Walinzi wa malango hukaa nje kutwa kucha, wanagawana mkaa na mahindi ya kuchoma, wanajuana kwa majina na kwa vijiji walikotoka, na wanajua magari ya wote. Mlinzi wetu ndiye aliyenijulisha majirani zangu, mmoja baada ya mwingine, kabla hata sijaona sura zao.

Yeye pia ndiye aliyenionyesha, juma tulilohamia, bonde dogo nyuma ya ua ambapo mwenye nyumba alitamani tufuge mbuzi. Mtu wa Bukavu huenda hajui mazuku, kwa hiyo nieleze: ni hewa ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini katika baadhi ya sehemu za magharibi ya mji, upande wa Himbi, Kyeshero na Mugunga, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hutuama penye shimo, hasa usiku na asubuhi mapema upepo unapotulia. Haionekani. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama pale ambapo mtoto anayecheza chini au mbuzi aliyelala hatainuka. Mlinzi aliniambia niangalie mijusi na wadudu waliokufa mahali pamoja bila jeraha, na kweli walikuwapo. Hakuna karatasi ya upangaji niliyowahi kuona inayotaja jambo hilo. Hulijua aliyekaa hapo kabla yako.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita ilipoingia mjini, umeme ukakatika na mabomba yakakauka kwa siku kadhaa, na watu wakawa wanateremka ziwani na mabidoni huku risasi zikisikika. Jirani wetu wa mkabala, mzee ambaye nilikuwa nimezungumza naye mara chache mno na kwa adabu tupu, alifungua mlango mdogo wa lango lake na kuruhusu kila nyumba ichukue bidoni moja kwa siku kutoka tangi lake. Walioingia walitajwa kwa mlinzi wake: huyu ni wa nyumba ya bluu, huyu ni yaya wa pale pembeni, huyu simfahamu, arudi na mtu anayemfahamu. Naona tusiharakishe kusema watu wa kuta hawana ujirani. Wanao, ila umewekwa mikononi mwa watu wanaowalipa, na akibadilishwa mlinzi unaanza upya.

Kuna upande mmoja ambao uzi huu umeukwepa. Miaka ya vita imewafundisha watu kumuuliza jirani mpya anatoka wapi, anasema lugha gani kwao, na nani anamtembelea usiku. Maswali hayo hayaulizwi kwa mtu mwenyewe, yanaulizwa kwa watoto wake na kwa mfanyakazi wake. Nimeona familia ikihama kwa sababu ya uvumi uliozunguka katika kundi la WhatsApp la avenyu, bila mtu yeyote kubisha hodi kwao. Kujuana kwa karibu kulikomsaidia yule mjane wa Murara ndiko kunakomwezesha mtu kuonyeshwa kidole. Sipendi majibu yanayotusifu watu wa Goma kwa ukarimu na kuliacha hilo nje, kwa sababu mgeni ndiye atakayekutana nalo kwanza.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujalipa garanti ya nyumba, yaani amana ya kupanga, uliza mita ni ya nani na ina friji ngapi, uliza maji yanatoka wapi wiki yasipotoka, na kama ni upande wa magharibi uliza juu ya mazuku, tena umwulize jirani wala si komisioneri, yaani dalali, anayetafuta asilimia yake. Siku ya kuhamia usingoje watu waje kukupokea. Pita mwenyewe na mkeo, lango kwa lango, jitambulisheni kwa jina la mtoto wenu wa kwanza, mseme mnatoka Bukavu, mtaa gani, na unafanya kazi gani. Waanze kukujua kutoka kinywani mwako. Na shefu wa avenyu atakuandika katika daftari lake ukitaka usitaka, basi mwendee kabla hajakutumia mtu.