Ukiwa kwenye mstari wa kuanzia unajiambia nini?

Juzi mdogo wangu mmoja wa form three kaniandikia, "dada, mazoezini nawaacha wote, ikifika mashindano yenyewe miguu inakufa." Nikakaa kimya muda mrefu maana huyo ni mimi kabisa wa miaka ile.

Mi nilikuwa nakimbia mita 800. UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari Tanzania, ngazi ya mkoa, uwanja wa nyasi mistari ya chokaa, nimeongoza mzunguko wa kwanza wote vizuri tu, imebaki kama mita 150 nikasikia nyayo nyuma yangu, puu puu puu, afu kichwani ikaanza ile sauti: anakuja huyo, unapitwa, unaaibisha shule, si unaona sasa. Mabega yakapanda mpaka masikioni, ngumi nimekunja, pumzi ikakata. Wakanipita watatu. Mwalimu wa michezo akaniambia mbele ya wenzangu mi ni wa mazoezini tu, na hiyo kauli mpaka leo nikiikumbuka inanichoma, siwadanganyi.

Miguu haikuchoka jamani, nilijimaliza kwa maneno yangu mwenyewe. Ukiogopa mwili unakaza, na mwili uliokaza unakula nguvu bure.

Mwaka uliofuata nikaacha kujiambia "usipitwe", maana ukisema hivo unachowaza ni kupitwa tu. Nikawa najiita jina langu, kama vile namuelekeza mdogo wangu, afu neno moja la kazi: mikono, mikono. Kabla ya filimbi natoa pumzi taratibu, ndefu kuliko niliyovuta, mpaka moyo utulie. Nikamaliza wa pili, nikavaa jezi ya mkoa, na ile jezi ninayo hadi leo.

Mlimuona Alphonce Simbu, Mtanzania wetu wa marathoni, kwenye mashindano ya dunia ya riadha kule Tokyo 2025? Kilomita 42 zote zimeisha, mita za mwisho kabisa Mjerumani Amanal Petros bado yuko mbele, wote wakaandikiwa 2:09:48 na Simbu kachukua dhahabu kwa sekunde 0.03. Ukianza kujitukana kichwani pale, umekwisha.

Kwa hiyo wanamichezo wa mashuleni, chungeni midomo yenu ya ndani. Kulia ruhusa, lia baada ya mbio mpaka uishe, ila usijitukane. Na walimu mtusaidie, mtoto akishindwa anakumbuka ulichomwambia miaka na miaka.

Mdogo wangu, kesho mazoezini kimbia zile mita 150 za mwisho peke yake, mwambie mwenzako akufukuze makusudi usikie nyayo, na useme neno lako kwa sauti. Kwa sauti kabisa, hata wakicheka waache wacheke.