Kant hakusema hatujui kitu
Ndugu, umeuliza: kama Kant, yule mwanafalsafa Mjerumani, anadai hatuvijui vitu vyenyewe, yaani jinsi vilivyo mbali na sisi tunavyoviona, je, sayansi ni ndoto tu? La hasha. Tumbukiza kijiti nusu kwenye glasi ya maji, utakiona kimepinda, kichomoe, kimenyooka. Hilo ni kosa la jicho, linarekebishika. Kant, kwenye kitabu chake cha 1781, alichimba zaidi: nafasi na wakati ni namna akili yetu inavyopokea kila kitu, hata hicho kijiti kilichonyooka. Sayansi basi ni ya kweli, ila inahusu vitu jinsi vinavyotutokea. (Aliyemzindua afikirie hivyo ni Hume, mwanafalsafa wa Scotland, aliyeuliza: mpira ukigonga mwingine, hiyo "sababu" umeiona wapi?) Mimi Kant ananiacha njiani hapa: kama kitu chenyewe hakijulikani, alijuaje kwamba kipo?