Barua Zenu: Superman wa dola 130, Shazam na vile vitabu vya senti 10

Mwezi uliopita nilimjibu msomaji mistari mitatu tu kuhusu Superman, toka hapo barua zinaingia hazikatiki. Basi leo safu nzima ni ya vitabu vya katuni vya Marekani vya zamani, vile vya kuanzia miaka ya 1930 mwishoni hadi 1960 na kitu. Ni kitu nakipenda toka utotoni kwa hiyo mkiona nimeandika sana mnivumilie.

Shikamoo mhariri. Nilisoma kwamba waliomtunga Superman walimuuza dola 130 tu. Kaka yangu anabisha, anasema lazima itakuwa milioni 130. Tumewekeana dau. Nani kashinda? – Mdogo mtu

Marahaba. Umeshinda wewe, na kwa kweli natamani ungeshindwa. Ni dola 130, mia moja thelathini. Jerry Siegel alikuwa mwandishi na Joe Shuster mchoraji, vijana wa Cleveland, Ohio, wote wamezaliwa 1914, walianza kumbuni Superman 1933 wakazunguka naye miaka, magazeti yanamkataa, mpaka mwanzoni mwa 1938 kampuni moja ya New York ikawa inatafuta cha kujazia jarida jipya ikawaambia haya tuleteeni kurasa 13. Ukurasa ulikuwa dola 10, piga hesabu, ndio hiyo 130 yenyewe.

Ila hela ya kurasa sio tatizo, kila mtu alikuwa analipwa hivyo. Tatizo ni ile karatasi waliyosaini, maana humo waliuza kurasa na waliuza pia Superman mwenyewe, jina, sura, nguo, yote, jumla. Jarida likawa Action Comics namba 1, bei senti 10, na jamaa akavuma vibaya mno, mwaka 1940 yuko redioni, 1941 yuko kwenye sinema za katuni, na kila kitu kilichotoka humo kilikuwa cha kampuni. Tusidanganyane, miaka ya mwanzo walipata hela nzuri tu ya kuandika na kuchora. Lakini 1947 walipoenda mahakamani kumdai Superman wao, mwaka uliofuata wakaishia kukubali kama dola 94,000 waachane na madai, na kazi ikaota mbawa, na majina yao yakafutwa kwenye vitabu. Shuster macho yakaja kufifia, mchoraji huyo! Siegel akawa karani. Ni 1975, wakati filamu kubwa ya Superman inaandaliwa, ndipo Siegel alipopiga kelele kwenye vyombo vya habari na wachoraji wenzake kama Neal Adams wakamshika mkono, mwisho wakapewa pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na majina yakarudishwa. Kila nikiona leo yale maneno kwamba Superman ametungwa na Siegel na Shuster nakumbuka kwamba maneno hayo yalipiganiwa.

Na hao angalau waliyaona. Bill Finger, aliyemwambia mchoraji Bob Kane amvue Batman nguo nyekundu na yale mabawa makavu, amvike kofia ya kuziba uso na joho na rangi ya kijivu, alifariki 1974 bila jina lake kutambuliwa rasmi. Lilianza kuwekwa 2015, miaka 41 baadaye.

Mhariri, nisaidie nimechanganyikiwa. Captain Marvel ni mwanamke kwenye filamu, halafu kuna mtu ananiambia Captain Marvel ni yule Shazam. Ni yupi sasa? – Mpenda sinema

Wote wawili, na sababu ni kesi iliyochukua miaka 12.

Captain Marvel wa kwanza alitoka kwenye Whiz Comics ya kampuni ya Fawcett, toleo lenye tarehe ya Februari 1940 kwenye kava, wametunga Bill Parker na mchoraji C. C. Beck. Mtoto anaitwa Billy Batson, yatima, anauza magazeti, akitamka "Shazam" radi inapiga anageuka mtu mzima mwenye nguvu. Neno lenyewe ni herufi za kwanza za majina: Solomon kwa hekima, Hercules, Atlas, Zeus, Achilles, Mercury. Sasa fikiria wewe ni mtoto wa miaka 9, Superman lazima uwe umezaliwa sayari nyingine, huyu unahitaji neno tu! Ndio maana katikati ya miaka ya 40 alikuwa anauza kuliko hata Superman, zaidi ya nakala milioni 1 kwa toleo. Na stori zake zilikuwa na raha ya kipekee, hasa za mwandishi Otto Binder, kuna moja ilienda sura 25 kuanzia 1943, adui mkuu anasikika sauti tu redioni anatisha dunia nzima, halafu unakuja kugundua ni kiwavi kadogo kamevaa miwani.

Kampuni ya Superman ikashtaki 1941 kwamba wameibiwa mtu wao. Jaji wa kwanza akawapa Fawcett ushindi kwa sababu ya kasoro za alama za haki miliki kwenye katuni za Superman zilizotoka magazetini, rufaa ya 1951 ikageuza, na 1953 Fawcett wakaona bora yaishe, mauzo yenyewe yameshashuka, wakalipa dola 400,000 wakaacha kumtoa. Jina likabaki linaelea. 1967 kampuni ya Marvel ikalichukua ikampa mtu wake mwingine kabisa, na huyo wa kwenye filamu anatoka kwenye ukoo huo. Walioshinda kesi walikuja kukodi haki za yule wa zamani 1972, lakini jina lake hawakuweza tena kulifanya jina la kitabu, kitabu kikaitwa Shazam! na watu wakazoea kumuita hivyo.

Maoni yangu mimi? Kufanana kulikuwepo, sikatai. Lakini roho ya kile kitabu ilikuwa yake, na watoto walionyang'anywa 1953 hawakurudishiwa kitu kile kile.

Kwa nini vitabu hivi vina tarehe ya mbele? Na kwa nini katikati ya picha unakuta kurasa mbili za maandishi matupu yanayochosha? – Mdadisi

Tarehe ya kwenye kava ilikuwa ya muuza magazeti, kumwambia lini aitoe mezani. Ndio maana Action Comics namba 1 imeandikwa Juni 1938 wakati iliuzwa tangu Aprili.

Kurasa za maandishi ni mambo ya posta, ili jarida litumwe kwa nauli nafuu lilitakiwa liwe na angalau kurasa mbili za maandishi, basi kampuni zilimtupia kazi hiyo yeyote aliye karibu. Watoto waliziruka, usijilaumu. Ila usiziruke zote! Kwenye Captain America Comics namba 3 ya 1941 zile kurasa mbili aliandika kijana wa ofisi wa miaka 18, ndiyo kazi yake ya kwanza kuchapishwa, akasaini Stan Lee, na humo humo ndimo Captain America alirusha ngao yake kama silaha kwa mara ya kwanza.

Mimi ni mama. Nimesikia Wamarekani waliwahi kuchoma moto vitabu vya katuni hadharani kwa sababu vinaharibu watoto. Ilikuwaje, na walikuwa na haki? – Mama wa wawili

Ilitokea mama, tena sio mara moja. Mfano Binghamton, jimbo la New York, mwaka 1948, miaka mitatu tu baada ya vita ambayo watoto hao hao waliambiwa adui ni mtu anayechoma vitabu.

Anayetajwa sana ni Dk. Fredric Wertham, daktari wa magonjwa ya akili, kitabu chake cha 1954 kilisema katuni zinazaa uhalifu wa vijana. Mwaka huo huo Baraza la Seneti likasikiliza mashahidi New York, na William Gaines wa kampuni ya EC akaulizwa na Seneta Kefauver kuhusu kava yenye mtu ameshika shoka mkono mmoja na kichwa cha mwanamke mkono mwingine, akajibu kwamba kwa kava ya kutisha ni ya heshima tu. Jibu hilo liliwamaliza. Kampuni zikaogopa sheria ya serikali zikajiwekea yao wenyewe, Comics Code, hakuna vampaya, hakuna maiti zinazotembea, wema lazima ushinde kila mara, na bila muhuri wao kwenye kava wasambazaji hawapokei mzigo. Makampuni mengi yakafa na wachoraji wengi wakaacha kazi hiyo moja kwa moja.

Sasa swali lako la haki. Kuna kava za wakati ule hata mimi nisingempa mtoto, hilo liko wazi. Na Wertham hakuwa mtu mbaya, huwa nakasirika wakimchora kama shetani: mwaka 1946 alifungua kliniki Harlem ndani ya jengo la kanisa, akitibu watu weusi kwa senti 25, na kazi yake ilitumika kupinga shule za ubaguzi kwenye kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani. Lakini nyaraka zake zilipofunguliwa, mtafiti Carol Tilley alionyesha mwaka 2012 kwamba alikuwa amebadilisha maneno ya watoto, ameunganisha ya huyu na yule, ameacha mambo mengine waliyopitia. Hapo ndipo alipokosea, na kosa hilo lilikula riziki za watu.

Nikupe mfano wa kilichotaka kuzuiwa. Kuna stori ya EC ya 1953, mwanaanga kutoka duniani anakagua sayari ya maroboti, anakuta ya rangi ya chungwa yanayabagua ya bluu wakati ndani yametengenezwa sawa sawa, anawanyima nafasi kwenye jamhuri ya sayari, anaondoka. Picha ya mwisho anavua kofia, ni mtu mweusi. Walipotaka kuirudia 1956 msimamizi wa ile Code akasema mwanaanga asiwe mweusi. Gaines akakataa katakata, ikatoka kama ilivyo, na hicho ndicho kilikuwa kitabu cha mwisho cha katuni cha EC. Msimamizi anasoma stori nzima ya ubaguzi halafu anaomba jambo hilo!

Hivi kwenye zama hizo zote kulikuwa na mtu mweusi aliyetengeneza katuni hizi? Au sisi tulikuwa wa kuchorwa midomo mikubwa tu? – Binti wa Sanaa

Swali hili nimelisubiri dada. Walikuwepo. Huko kwenye katuni za msituni, kina Sheena, yule malkia wa msituni wa kizungu, na wenzake, Afrika ilikuwa pori moja lisilo na mji, linaokolewa na mzungu mwenye ngozi ya chui, na ni kweli sura zetu zilichorwa za aibu. Lakini Juni 1947 mwandishi wa habari Orrin C. Evans wa Philadelphia alikusanya wenzake wakatoa All-Negro Comics, walioandika na waliochora wote watu weusi, kurasa 48, senti 15. Kulikuwa na Ace Harlem, mpelelezi, na Lion Man, mwanasayansi mweusi aliyetumwa na Umoja wa Mataifa kulinda mlima wenye urani huko Gold Coast, Ghana ya leo, aliyemchora ni George, mdogo wake Evans. Miaka 19 kabla ya Black Panther! Toleo la pili liliandaliwa, Evans akaenda kununua karatasi, wauzaji wakakataa kumuuzia. Hakukuwa na toleo la pili.

Mwingine ni Matt Baker, aliyezaliwa 1921, mmoja wa wachoraji wazuri kabisa wa kizazi chake, angalia mistari yake ya nguo na mikono utanielewa. Alifariki ana miaka 37. Kava yake moja ya Phantom Lady, shujaa wa kike, imo kwenye kitabu cha Wertham kama mfano mbaya, na kuna watu wengi walioikodolea macho kwa hasira bila kujua mkono uliochora ulikuwa wa nani.

Nimerithi Action Comics namba 1 yenye Superman amebeba gari, naambiwa moja iliuzwa zaidi ya dola milioni 3 mwaka 2014. Je mimi ni tajiri? – Mwenye Bahati

Nakuombea iwe hivyo, ila shika rula kwanza. Zile za kweli zimebaki chache sana kwa sababu watoto walizisoma mpaka zikachanika, na wakati wa vita walizipeleka wenyewe kwenye makusanyo ya karatasi chakavu. Mwaka 1974 kampuni ya Superman ilitoa nakala mpya ya toleo lile lile na matangazo yake ya zamani ndani, ikiwa na kava ya ziada kwa nje inayosema ni toleo la kurudiwa, watu wakaitoa ile kava ya nje, ndani inabaki kitu kinachofanana kila kitu isipokuwa ukubwa. Ya 1938 ina upana wa kama sentimita 20 na urefu 26. Ya 1974 ni pana kama 25 na ndefu kama 34. Pima halafu uniandikie, na kama ni 20 kwa 26 usiifungue tena, wala usiibandike selotepu hata kama imechanika.