Koo kuuma baada ya nusukaputi
Pole sana ndugu. Umeuliza kama koo kuwasha na kuuma siku ya pili baada ya upasuaji ni maambukizi. Mara nyingi siyo, ni ule mpira wa kupumulia. Ukishalala, hupitishwa katikati ya nyuzi za sauti hadi kwenye bomba la hewa, kisha kifuko kidogo karibu na ncha yake hujazwa hewa kuziba pembeni. Hapo ndipo panapochubuka. Mimi nilimeza mate kama nameza mchanga, siku ya tatu kwisha. Sukutua maji vuguvugu ya chumvi, na panadol kama hujakatazwa. Ila ukipumua kwa shida, ukishindwa kumeza au ukitema damu, rudi hospitali haraka. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki, mwone daktari pia.