Kadi ya bima ninayo, ila daktari wangu haitaki

Mdogo wangu, umeniuliza, na najua si wewe peke yako uliyetaka kuuliza: "Dada, kama una bima ya Marekani, hiyo hela ya daktari unayosema imekumaliza inaenda wapi?" Ukaongeza kwamba afadhali sisi, maana nyie huko Tanzania, Machi 2024 hospitali binafsi kubwa ziligomea kadi za NHIF, ule Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa ajili ya kitita kipya, yaani orodha mpya ya huduma na bei zake, wagonjwa wakaambiwa walipe taslimu. Ngoja nikujibu bila kuficha. Mwaka mzima nimekuwa nikiwapa majibu ya nusunusu, mpaka mama anadhani nimebadilika.

Hela inaenda kwa daktari asiyepokea bima. Wapo, na sheria inawaruhusu. Mlangoni kwa huyu wangu, hapa Columbus, Ohio, kuna karatasi imebandikwa usawa wa macho: hatupokei bima ya aina yoyote, malipo ni siku ya huduma. Wenyewe wanaita kulipa keshi, lakini usifikiri unahesabu noti. Unapitisha kadi ya benki pale dirishani kabla hujakaa. Maana yake ni kwamba unatoa mfukoni mwako, bima haihusiki.

Kwa nini niende kwa huyo? Baada ya kujifungua huyu wa pili, usingizi ulinihama. Mtoto analala, mimi nimekodoa macho mpaka alfajiri. Nalia sijui nalilia nini. Kuna siku niliogopa hata kumshika mwanangu. Daktari wa uzazi akaniambia hiyo ni sonona, nitafute daktari wa akili haraka. Nikafungua orodha ya madaktari iliyotolewa na kampuni yangu ya bima, nikanakili majina 14 kwenye daftari.

Nilikuwa nawapigia nikiwa ndani ya gari, wakati wa mapumziko kazini, daftari nimeliegemeza kwenye usukani. Namba mbili hazikuwepo hewani. Daktari mmoja alishastaafu. Namba nyingine akapokea mzee, akasema hapo ni nyumbani kwake na kila wiki watu wanampigia wakitafuta daktari. Akanipa pole kwa sauti ya upole nikaanza kulia upya. Watatu hawachukui wagonjwa wapya. Sita wakaniambia neno lilelile: tulishatoka kwenye bima hiyo, ukija utalipa mwenyewe. Mmoja tu alikubali kadi, na nafasi yake ilikuwa baada ya miezi mitano. Mtoto wangu alikuwa na wiki saba.

Nilidhani ni bahati yangu mbaya. Kumbe mwaka 2023 wafanyakazi wa kamati ya fedha ya Seneti ya Marekani walijifanya wateja, wakapigia watoa huduma 120 wa afya ya akili waliokuwa kwenye orodha za bima za wazee. Zaidi ya asilimia 80 ama hawakupatikana, ama hawakuchukua wagonjwa wapya, ama hawakuwa kwenye bima iliyowataja. Na madaktari wa akili wana historia ya kukataa bima kuliko wenzao. Utafiti uliochapishwa 2014 ulionyesha asilimia 55 tu walikuwa wanapokea bima binafsi, wakati kwa madaktari wengine ilikuwa karibu 89.

Nilimuuliza daktari wangu sababu. Akasema kwa kikao cha saa nzima bima inalipa kidogo, halafu unaomba kibali cha dawa, unanyimwa, unapiga simu, unawekewa muziki nusu saa. Ofisi yake ni yeye na dada mmoja wa mapokezi. Hospitali kubwa ina idara nzima ya kudaiana na bima, yeye hana. Nilimwelewa, na bado inaniuma. Wenzangu ninaofanya nao kazi ya kuhudumia wazee wangeitoa wapi dola 350 ya siku ya kwanza, na 180 kila ukirudi? Mimi mwenyewe niliweza kwa sababu shemeji yako aliongeza safari za lori, na kwa sababu niliacha kutuma nyumbani.

Risiti nilizituma bima. Baada ya wiki sita ikaja barua: malipo yako ni sifuri. Kwa daktari asiye na mkataba nao natakiwa kwanza nimalize dola 4,000 za mfukoni mwangu, ndipo waanze kurudisha sehemu. Na kila mshahara makato ya bima hiyohiyo yanatoka kama kawaida.

Ndiyo maana nasema usituonee wivu. Mgomo wa huko ulisikika nchi nzima, Mfuko na hospitali wakavutana hadharani, waziri akatoka akazungumza. Hapa kila daktari anajitoa kimyakimya, na wewe unajua siku unayoumwa.

Sitaki niseme uongo kwamba keshi ni mbaya kila mahali. Shemeji yako hana bima, analipa dola 80 kwa mwezi kwa daktari wa kawaida anayechukua ada ya namna hiyo, na anamwona siku hiyohiyo akiumwa. Kwa mafua na presha inatosha. Kwa upasuaji haisaidii kitu.

Na wewe unayepanga kuja, shika haya. Ukilipa bila bima, dai makadirio ya maandishi kabla. Tangu 2022 ni haki yako, na bili ikizidi makadirio kwa dola 400 au zaidi unaweza kuipinga. Vipo vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato, nami nilichelewa kuvijua. Ikiwa ni dharura, nenda hospitali. Sheria ya 1986 inawalazimu wakupime na kukutibu mpaka hali yako itulie kwanza, ingawa bili itakufuata nyumbani.

Sasa hivi napata usingizi wa masaa sita kila usiku. Kikao kimekuwa kimoja kwa mwezi, hela ya mabati nitaituma mwezi wa tisa. Mwambie mama hivyo. Ila habari ya sonona usimwambie, nitampigia Jumapili nimweleze mwenyewe.