Usipime ramani kwa rula: niliyojifunza nikijenga Chanika

Chumba cha mama mkwe kilichorwa kiwe na upana wa mita 3.6. Kilijengwa mita 2.5. Kitanda cha tano kwa sita kinaingia, lakini ukishaweka kabati unapita kwa ubavu. Fundi hakuwa mlevi wala mzembe. Kosa nililifanya mimi, dukani kwa mtoa kopi.

Mchoraji alinipa ramani kwenye karatasi ya A3, skeli 1:100, yaani sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 1 ardhini. Sikutaka karatasi ile safi ichafuliwe na saruji, nikatoa kopi ya A4 nikampa fundi. Sasa, A3 ikibanwa iingie A4, kila mstari unapungua kwa karibu asilimia 30, na maandishi ya "1:100" yanabaki palepale yakidanganya. Namba za kuta za ndani zilififia, fundi akachukua rula. Akapata sentimita 2.5, akajenga mita 2.5. Kuta za nje alikuwa ameshaziweka kwa namba kubwa zilizosomeka, kwa hiyo mita iliyokosekana chumbani ilihamia sebuleni. Nilipofika Jumamosi nikasifia sebule ilivyo pana! Tuligundua tofali zikiwa kozi (mstari) ya sita, na pesa ya kubomoa sikuwa nayo.

Kwa hiyo kopi itoke kwa ukubwa uleule wa karatasi ya mchoraji, na inayofuatwa ni namba iliyoandikwa, si urefu wa mstari. Namba isiposomeka, mpigie mchoraji. Muulize pia kama vipimo vyake vinaanzia katikati ya ukuta au kwenye uso wake. Ukuta wa tofali la inchi 6 una unene wa milimita 150 hivi. Chumba kilichoandikwa 3600 katikati kwa katikati kinakubakishia 3450 ndani, na plasta bado haijala chake. Jirani yangu aliagiza kabati za jikoni kwa kusoma ramani tu. Muulize zilivyoingia.

Kwenye kiwanja niliponea chupuchupu. Niliambiwa ni ishirini kwa ishirini, na dalali akanitembezea hatua ishirini mbele ya macho yangu. Alikuwa mtu mfupi. Nilipotandaza tepu, hatua zake ishirini zilikuwa mita 15 na ushee. Bei ilijadiliwa upya siku hiyohiyo.

Tepu nayo ina mitego yake. Ukiilaza juu ya mteremko unapima mteremko, wakati ramani inahesabu umbali wa mlalo. Ardhi ikishuka mita 3 katika tepu ya mita 20, umbali wa kweli ni mita 19.77. Pima vipande vifupi vifupi, tepu ikiwa imenyooka mlalo, na ushushe timazi, yaani uzi wenye uzito unaoning'inia wima, kuonyesha kila kipande kinapoishia chini.

Kama eneo limepimwa, tafuta bikoni zote, yaani alama za kona za kiwanja alizoweka mpimaji, linganisha namba zilizoandikwa juu yake na zile za ramani ya upimaji, kisha pima kati ya bikoni na bikoni. Ikikosekana moja, mwite mpimaji aliyesajiliwa airudishe. Usikubali mtu yeyote aikadirie kwa macho. Na tafadhali usihangaike na simu. Rafiki yangu aliingiza namba za kona za kiwanja chake kwenye ramani ya simu, akaoneshwa viwanja vya watu wengine, akataka kwenda kushtaki. Ramani nyingi za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilipimwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, na simu inatumia WGS 84. Namba zilezile katika mifumo hiyo miwili zinaweza kutofautiana karibu mita 300 ardhini. Kiwanja hakijahama, ni lugha mbili tofauti. Hata ukishabadilisha mfumo, simu yenyewe inakosea mita kadhaa, na ugomvi wa mpaka huwa ni wa sentimita.

Usawa wa msingi hauna maneno mengi: mpira wa maji unaopitisha mwanga, usio na viputo, unatosha nyumba ya kawaida, maana maji kwenye ncha zake mbili husimama usawa mmoja.

Kona ndizo zilizonichelewesha. Mafundi wote wanajua tatu, nne, tano: pima 3 upande mmoja, 4 upande mwingine, kati ya ncha ikija 5 kona ni ya nyuzi 90 kamili. Shida ni kwamba pembetatu ndogo inakuza kosa. Kamba ikiyumba sentimita 2 kwenye mita 3, ikifika mita 9 imeyumba sentimita 6. Nyumba yangu ni 9 kwa 12, hivyo kona kwa kona inatakiwa 15 kamili, yaani ni tatu-nne-tano ileile mara tatu. Tulipopima, kona kwa kona moja ikaja 14.95, ya pili 15.05. Fundi akasema hizo plasta itazimeza. Nikamwambia plasta haimezi vigae. Ukitandika vigae kwenye chumba kilichopinda, utakata vipande vya kabari ukuta mzima. Tuling'oa vigingi, tukaanza na pembetatu ya 6, 8, 10, na kufikia saa sita mchana kona kwa kona zote mbili zikasoma 15. Vibarua wa kuchimba walikuwa wameshakaa chini ya mwembe tangu asubuhi, na posho yao nililipa kamili.