Notisi ya duka kwa WhatsApp: utafute wakili?

Dada, kama landilodi amekutumia WhatsApp uhame duka, usikimbilie wakili bado. Kama duka lako hapo Nairobi halina mkataba wa maandishi, au uliopo ni wa miaka 5 kushuka chini, Sura ya 301, sheria ya Kenya ya wapangaji wa maduka na hoteli, inakulinda: landilodi hawezi kukutoa wala kukupandishia kodi bila notisi ya angalau miezi 2, kwa fomu ya sheria. Meseji ya "hama mwisho wa mwezi" si fomu. Akileta ya kweli, peleka malalamiko BPRT, lile jopo la kodi za majengo ya biashara, kabla siku iliyoandikwa haijafika. Ukinyamaza, notisi inashika. Wakili mtafute landilodi akituma madalali, na ada mkubaliane mapema. Kodi endelea kulipa kwa M-Pesa, ushahidi ubaki.